Ninachobeba kupanda vilima vya Ngong siku ya jua

Jumamosi nampeleka binti wa kaka yangu kwenye vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, kwa mara ya kwanza. Jana alinipigia simu: "Shangazi, jua lenyewe linawaka hivi, si nibebe tu simu na kachupa ka maji?" Nikamwambia aje kwangu Kawangware Ijumaa jioni tupange begi pamoja. Siku iliyonitesa kule mlimani ilikuwa ya jua kama hili.

Ilikuwa Januari, mbingu haina hata wingu moja. Nilikuwa na nusu lita ya maji, ikaisha kabla sijafika kati ya safari. Kutoka lango la upande wa mji wa Ngong hadi Kona Baridi, mwisho wa vilima upande wa kusini, ni kilomita kumi na kitu, na njia yenyewe ni panda shuka, panda shuka. Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, mita 2,460, kiko kusini, kwa hivyo unakikuta umeshachoka. Huko juu hakuna bomba. Mwanamume mmoja aliyekuwa akipanda pia aliniona nimekaa kwenye nyasi, kichwa kinanigonga, akanimiminia maji yake kwenye kifuniko cha chupa, kidogo kidogo, mpaka nikaweza kusimama. Tangu siku hiyo ni lita mbili kwa kila mtu, kwenye chupa mbili, moja imelala kwenye friza usiku kucha.

Kitu cha pili ni upepo. Si bure kwamba mitambo ya umeme wa upepo ilianza kuwekwa pale mwaka 1993. Unapanda huku jasho linakutoka, ukifika mgongoni mwa kilima upepo unaikuta fulana imelowa, unaanza kutetemeka mchana kweupe. Mimi hubeba koti jepesi lisilopitisha upepo na fulana kavu. Kofia lazima iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Na upepo huohuo unakufanya usilihisi jua: huhisi kuungua, ilhali tuko digrii moja na kidogo tu kusini mwa ikweta. Paka mafuta ya jua puani, masikioni na nyuma ya shingo, halafu upake tena mkikaa kula. Mimi huongeza leso shingoni.

Viatu ni raba zilizokwisha kuuzoea mguu, zenye meno chini, kwa sababu kwenye miteremko kokoto huteleza. Kucha za miguu zikatwe usiku wa kuamkia safari. Ukishuka, vidole vinasukumwa mbele ya kiatu, na kucha ndefu itakuuma hadi nyumbani.

Chakula ni viazi vitamu vya kuchemsha, mayai na chumvi niliyoifunga kwenye kikaratasi. Mkate hupondeka. Plasta mbili tatu, simu yenye chaji, kitambulisho, mfuko wa kurudishia takataka, nauli ya matatu ya njia namba 111, kiingilio, na pesa ya askari wa msitu. Vilima vya mwisho havina watu wengi, na sisi ni wanawake wawili, kwa hivyo tutaomba atusindikize.

Maji nitayapanga yaegemee mgongo, ndipo begi lisituvute nyuma. Koti litakaa juu kabisa, chini ya zipu, maana kilima cha kwanza tu tutalihitaji.