Siku moja maishani mwangu: maabara ya kituo cha afya, Tandahimba

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika kazini, ukungu bado umefunika mikorosho na baridi ya huku juu mnaijua. Kabla hata ya chai naenda kwenye friji ya damu, nasoma thamometa, 4, naandika kwenye daftari. Inatakiwa ikae kati ya 2 na 6, na usiku umeme ulikatika mara mbili kwa hiyo nilikuja roho juu.

Saa 2 mpaka saa 4 ni foleni tu, malaria, wingi wa damu, wajawazito wa kliniki.

Saa 5 kasoro sista wa leba anakuja mbio na sampuli, mama kajifungua na damu haikati. Napima grupu, A chanya. Natoa chupa ya A, nafanya krosimachi, kipimo cha kuona kama damu ya chupa inaendana na ya mgonjwa, yaani nachanganya seramu (majimaji ya damu) ya mgonjwa na chembe za damu za mtoaji, nazungusha, naweka kwenye joto la 37, naangalia, hamna kugandana. Inaendana.

Nikaibeba mwenyewe mpaka wodini nikiwa na kadi ya kupimia grupu mfukoni. Kadi ni karatasi ngumu ya saizi ya kiganja, ina viduara vinne, vitatu vimekaushiwa anti-A, anti-B na anti-D, yaani dawa za kupimia zinazogandisha damu yenye A, yenye B na yenye D (hiyo D ndo chanya), cha nne ni kontroli, cha kuhakikisha kipimo hakidanganyi. Haitaki umeme wala friji, inataka tone la maji safi tu (na maji huku kwetu ni mali, tunanunua kwa ndoo), unamchoma mgonjwa kidole palepale kitandani, unachanganya na kijiti, unainamisha kadi huku na huku. Pale damu inapokuwa punjepunje ndo jibu lako.

Cha A kikabaki laini. Cha B laini. Cha D punje. Nikahisi mikono imekufa ganzi, nikachukua kadi nyingine nikarudia, vilevile, huyu mama ni O chanya!

Sampuli niliyopima ilikuwa ya mama wa kitanda cha jirani, wana jina la kwanza moja. Simlaumu mtu, asubuhi ile wahudumu walikuwa wawili na wazazi saba. Ila jamani, krosimachi yangu ilikuwa sahihi kabisa, kwa mtu mwingine. Mwenye O ana antibodi, askari wa kinga ya mwili, zinazoshambulia A, hata damu kidogo inatosha, chembe zinapasuka, mkojo unakuwa mwekundu, figo zinagoma. Ufaransa kupima hivi kitandani kabla ya kila chupa ni sharti la kisheria, sioni kwa nini sisi tuone ni mbwembwe.

"Dokta, simamisha, tutoe sampuli upya." Akaendelea na dripu na sindano ya kukaza kizazi, tukatoa damu watu wawili huku tukimuuliza mama mwenyewe majina yake matatu, nikarudi maabara mbio. Na hapa nisieleweke vibaya, kadi haichukui nafasi ya krosimachi, haizioni antibodi nyingine ambazo mtu anaweza kuwa nazo kwa mimba au damu alizowahi kuongezewa. Vyote viwili vinatakiwa.

Saa 6 na robo chupa ya O inadondoka. Nikakaa naye dakika 15 za mwanzo, mapigo, joto, sawa.

Saa 11 jioni napita tena, kakaa, ananyonyesha. Bibi yake akaniuliza, "Mwanangu, kile kikaratasi cha asubuhi kilikuwa cha nini?" Nikamwambia, "Bibi, kilikuwa kinamuuliza mjukuu wako damu yake ni ipi."

Nimerudi kuhesabu kadi, zimebaki tisa. Oda nimeiandika leoleo.