Mto Han si mfereji: Wakorea na tamthilia za kigeni

Jumapili iliyopita, nyumbani kwa shangazi yangu huku Majengo, Moshi, tulikuwa tukitazama tamthilia ya kigeni ambamo mhusika aliyedaiwa kuwa Mtanzania aliingia kwa mzee mwenye mvi na kumwambia, "Jambo, rafiki." Shangazi aliacha kupepeta mchele, ungo ukabaki magotini. "Huyu kalelewa na nani?" akauliza. Mavazi na nyumba hakuvigusa. Kilichomuuma ni shikamoo iliyokosekana.

Nilikumbuka namna watazamaji wa Korea Kusini walivyoipokea Lost, tamthilia ya Marekani iliyoanza kurushwa mwaka 2004. Fahari ilikuwepo, kwani mmoja wa waigizaji wake, Yunjin Kim, alikuwa tayari nyota kwao. Lakini Daniel Dae Kim, mzaliwa wa Busan aliyekulia Marekani, alipewa nafasi ya mtoto wa mvuvi wa Kikorea asiyejua Kiingereza, na Kikorea chake kikawakera wengi. Kisha, kwa kuwa hata matukio ya Seoul yalipigwa picha Hawaii, daraja la Mto Han likaonekana kama kivuko cha mfereji, ilhali mto wenyewe jijini Seoul una upana wa takriban kilometa moja.

Siwezi kuwaita watu hao wachokonozi. Kikorea hubadilisha miisho ya vitenzi kulingana na umri na hadhi ya anayeambiwa, hivyo masikio yao yamezoea kupima adabu katika kila sentensi, kama ya shangazi yanavyoisubiri shikamoo.

Mwaka 2025 walipoipata filamu ya katuni ya KPop Demon Hunters, iliyotengenezwa na kampuni ya Marekani, walifurahia hata tishu inayotandikwa mezani ili kijiko na vijiti vilazwe juu yake, jambo la kawaida kabisa migahawani kwao. Maggie Kang, mmoja wa waongozaji wake, alizaliwa Seoul akakulia Canada. Naye pia ni mtoto wa ughaibuni, kwa hiyo kukulia mbali si kosa. Tofauti ninayoiona ni kwamba Daniel Dae Kim alikabidhiwa maneno yaliyokwisha kuandikwa, lakini Kang alikuwa na mamlaka ya kuamua meza itandikwe vipi.

Nilimwonyesha shangazi kipande hicho kwenye simu. Alikitazama kimya, kisha akasema, "Hebu rudisha, nione wanavyoilaza."