Macho ya Naphrys pulex, wiki ya sita: dumu la maziwa limeshinda

Imekubali! Nimepata picha ya macho yake bila yale madoa meupe ya flashi.

Kwa wanaoanza kufuatilia leo: ni buibui mrukaji, jike, milimita nne na kitu, niliyemwokota kwenye majani makavu ya mwaloni nyuma ya nyumba tunayokaa hapa Ohio. Rangi yake ni ya takataka zile zile, asingeruka nisingemwona. Pulex ni kiroboto kwa Kilatini. Hentz, mtafiti wa buibui, alimpa jina hilo mwaka 1846, na ukifungua kifuniko utajua kwa nini.

Fokasi haikunisumbua kama yale macho mawili makubwa ya mbele. Ni vioo vitupu. Flashi peke yake: nukta mbili kali. Flashi na karatasi ya chooni: nukta zile zile, zimeingia ukungu. Kisambaza mwanga cha kununua, dola arobaini zangu, kikanichorea miraba miwili kama madirisha. Nilifunga kamera siku mbili, nisimtazame.

Halafu nikakata ubavu wa dumu la maziwa, nikaukunja kama ukosi kuzunguka lenzi, ukingo ukabaki karibu kumgusa. Siri yote ni ukaribu: mwanga ukiwa mpana na umemsogelea, mng'ao hutanda jicho zima badala ya kujikusanya mahali pamoja. Bei yake sufuri.

Sasa tazama picha mbili zilizofuatana. Ya kwanza jicho jeusi tii, ya pili kahawia, na mwili haujatikisika. Lenzi ya jicho haigeuki. Retina iliyo nyuma yake, ile sehemu inayopokea mwanga, ndiyo inayosogezwa na misuli. Ikikuelekea, jicho ni jeusi. Nyeusi ile alikuwa ananitazama mimi.

Wanaonishauri nimtie friji kwanza ili atulie: hapana. Buibui aliyeganda huonekana ameganda.

Nilipanga leo nianze kupandanisha picha ishirini za fokasi tofauti ziwe moja iliyo kali kote. Sijaanza. Jana nilimwekea udongo niliouchota mlangoni pa sisimizi, bila sisimizi hata mmoja ndani, akapunguza mwendo, akawa anageuka huku na huku. Sisimizi ni chakula chake, na watafiti walishaonyesha kwamba huhisi harufu yao udongoni, lakini kuona mwenyewe ni kitu kingine. Kwa hiyo nimeandaa visahani viwili, kimoja cha udongo huo, kingine cha udongo wa kawaida, na saa ya simu.

Ukosi tayari umepata ufa. Dumu jipya lipo kwenye friji, ila mke wangu kasema nisiliguse mpaka maziwa yaishe.