Mdomo wa injini na maji ya masika

Machi ikikaribia namwita fundi wangu tushushe bampa la mbele la gari langu, Subaru Impreza. Hakuna kilichoharibika. Tunatoa inteki ya chini, yaani bomba la aluminiamu na filta ya koni ambavyo injini inavutia hewa, na ambavyo mwenye gari aliyenitangulia alivifunga chini pembeni, nyuma ya bampa upande wa kulia, kisha tunarudisha boksi la eakilina (chujio la hewa) lililokuja na gari kutoka kiwandani. Masika yakiisha na barabara zikikauka, bomba linarudi. Vuli ikija na nguvu, kazi inaanza upya.

Watu huniuliza kwa nini nisiuze hilo bomba nikapumzika. Nalipenda, basi. Hewa inayovutwa nyuma ya bampa ni baridi kuliko ile inayozunguka injini iliyochemka, na hewa baridi imeshikana zaidi, hivyo kila silinda inapata oksijeni nyingi kidogo. Kwa injini isiyo na tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, faida yenyewe ni ndogo, lakini asubuhi Barabara ya Bagamoyo ikiwa wazi naisikia, na mlio wake naupenda pia. Ila tusidanganyane: hicho kidogo unachokipata kiangazi hakilingani hata kidogo na unachoweza kukipoteza kwa dakika moja Mkwajuni au Jangwani, sehemu za Dar es Salaam zinazojaa maji mvua ikinyesha.

Hesabu yake ni rahisi. Injini yangu ni ya lita 2, silinda nne, kwa hiyo kila silinda inameza kama mililita 500 za hewa. Pistoni ikipanda, hewa hiyo inabanwa hadi nafasi inayobaki juu ni kama mililita 55 tu. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Kikombe kimoja cha kahawa chungu, vile vidogo vya wauza kahawa wa Kariakoo, kikiingia silinda moja, pistoni inagota kwenye maji kabla haijafika mwisho wa safari yake, na kwa kuwa krenki, shafti inayozunguka chini yake, bado inasukuma, kinachopinda ni konrodi, mkono wa chuma unaoiunganisha pistoni na krenki.

Nimeishika mkononi konrodi ya namna hiyo. Ilikuwa ya gari la jirani yetu wa Tabata, naye alikuwa na inteki ya chini kama yangu. Fundi aliilaza mezani kando ya nzima, na ukiitazama kwa juu huoni kitu. Ukiinama usawa wa meza ndipo unauona mgongo wake umekunjika kidogo, kiasi cha kupitisha kucha. Kisha akanimulikia tochi ndani ya silinda. Kule juu, mahali ambapo masizi huacha pete nyembamba, pete ilikuwa pana kuliko za silinda nyingine, kwa sababu pistoni ile ilikuwa haifiki tena juu kabisa. Gari lilikuwa limetembea wiki kadhaa hivyohivyo baada ya kupita majini, likigonga kidogo, mwenyewe akidhani ni mafuta mabaya. Maji hayakumuua siku ileile. Yaliacha chuma kimechoka, nacho kikangoja.

Kabla ya kununua kinga yoyote, chukua futi upime. Pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini kabisa wa filta, gari likiwa na watu ndani na tenki limejaa, maana springi zikilala unapoteza sentimita kadhaa. Kwangu ni sentimita 27. Tairi zangu ni 205/55 rimu 16, kwa hiyo kitovu cha gurudumu kiko kama sentimita 30 kutoka chini. Maana yake maji yakifika katikati ya gurudumu, filta yangu imeshazama. Mdomo wa boksi la kiwandani uko juu karibu na ukingo wa boneti, zaidi ya sentimita 70. Waliochora gari lile hawakuuweka pale kwa bahati.

Kinga ya kwanza ya inteki ya chini ni ile ambayo magari mengi ya hapa mjini hayana tena: madigadi ya ndani, plastiki nyeusi inayotenganisha tairi na bampa. Ilipasuka, klipu zikapotea, mtu akaing'oa kwa sababu ilikuwa inasugua tairi, na haikurudi. Bila hiyo, tairi la mbele linarusha maji na mchanga moja kwa moja kwenye filta hata kwenye dimbwi la kina cha vidole vinne. Nenda kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, utafute ya modeli yako, au utafute klipu tu kama plastiki ipo. Hata plastiki ya chini ya injini irudishwe.

Halafu sisi tuliongeza ngao. Fundi alikata ubavu wa dumu la lita 20, akaupasha moto kidogo ukalainika, akaukunja kufuata umbo la filta na kuufunga kwa riveti upande wa tairi na upande wa mbele. Mimi nilitaka azungushe kote. Akaniambia, "Dada yangu, ukiziba chini maji yatatuama humo humo, na filta italala ndani yake. Acha chini wazi, yaingie yatoke." Alisema kweli. Ngao izuie mrusho, isizuie kutoka.

Kuijaribu ni kazi ya robo saa. Funga filta kwa gazeti kavu, ushikilie kwa mpira, injini ikiwa imezimwa. Nenda pale wanapoosha magari, mwambie kijana apige maji ya presha kwenye tairi la mbele na chini ya bampa kama dakika mbili. Kisha fungua gazeti. Mahali palipolowa ndipo ngao ina pengo. Mara ya kwanza letu lililowa kamba moja tu ya juu, maji yakipenyea tundu la taa ya ukungu ambayo mmiliki wa zamani aliing'oa akaacha wazi. Tuliziba tundu, gazeti la pili likatoka kavu.

Kuna ile soksi ya kuvalisha filta, kitambaa chembamba kinachofukuza maji. Ninayo na naisifu kwa kazi yake: matone na ukungu wa barabarani havipiti, vumbi kubwa nalo linapungua. Lakini wauzaji wanaiuza kana kwamba unaweza kuzamisha gari ukatoka salama, na hapo wanakosea sana. Injini yangu ikikanyagwa mafuta hadi mwisho kwa mizunguko 3,000 inavuta karibu lita 50 za hewa kila sekunde. Mvuto huo ukikutana na filta iliyozama, hakuna kitambaa kinachopitisha hewa kitakachokataa maji.

Kifaa kilichofikiriwa vizuri zaidi ni valvu ya dharura ya hewa. Ni pete yenye vilango vya mpira na sponji kwa nje, inafungwa kwenye bomba sehemu ya juu, karibu na injini. Filta ikizama na mvuto ndani ya bomba ukazidi, vilango vinafunguka na injini inavuta hewa ya chini ya boneti badala ya maji. Nayo ina mipaka: si ya injini zenye tabo, na lazima yenyewe ibaki juu ya maji. Maji yakiifikia, umerudi palepale.

Ndiyo maana mwisho wa yote nimebaki na boksi la kiwandani kwa msimu wa mvua. Nalo likaguliwe. Klipu zote nne zifunge, mpira wa kuzunguka kifuniko usiwe umekatika, na lile bomba la mdomo linalokwenda mbele liwepo kweli, maana mafundi wengi hulitoa ili wafikie betri au taa, na likiachwa pembeni halirudi. Chini ya boksi kuna tundu dogo la kutolea maji. Lichokonoe kwa waya, mara nyingi limezibwa na majani na udongo. Wenye Prado na Land Cruiser waliofunga snokeli, bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa, nawakumbusha jambo hilohilo: kama maungio ya bomba hayajazibwa sawasawa au boksi lina ufa, maji yataingilia hapo chini, na kile kichwa cha juu ni pambo tu.

Kuhusu kupita majini: maji yakifika katikati ya gurudumu, siendi, hata dereva wa daladala akinipigia honi nyuma. Yakiwa chini ya hapo naweka gia ya kwanza, nazima AC ili feni ya mbele isianze kurusha maji, naenda taratibu bila kusimama. Anayeingia kwa kasi anajisukumia wimbi lake mwenyewe juu ya bampa. Hatari kubwa hata hivyo huja na gari linalokuja kutoka mbele yako: lori likipita upande wa pili linaleta wimbi la kwake, na kina kilichokuwa sentimita 20 kinakuwa 40 ghafla. Nangoja lipite kwanza ndipo niingie. Na maji yanayotembea, kama mto Msimbazi ukishavuka barabara, hayana hesabu ya inteki tena. Sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kulielesha gari dogo.

Ikitokea injini imezimika ndani ya maji, ondoa mkono kwenye swichi. Nawaomba sana. Kila mtu hapo atakwambia "piga stata, piga tena", na injini nyingi zilizokuwa bado nzima huharibiwa na stata hiyo. Sukuma gari hadi pakavu, chomoa betri, fungua eakilina. Filta ikiwa kavu na bomba kavu, huenda ni umeme tu uliolowa. Ikiwa imelowa, plagi zote zitoke kabla ya kitu kingine chochote. Kwenye Subaru plagi zimelala ubavuni, huku na huku, mkono haupiti vizuri, na fundi mvivu atakuomba ajaribu stata "mara moja tu". Mkatalie. Plagi zikishatoka, fyuzi ya pampu ya mafuta itolewe, krenki izungushwe kwa mkono na spana ya 22 kwenye puli ya mbele, mizunguko miwili kamili, polepole. Ikigoma mahali, acha, gari livutwe gereji. Ikizunguka laini, ndipo stata ipigwe kidogo, plagi zikiwa bado nje, na usisimame mbele ya matundu kwa sababu maji hutoka kwa nguvu. Vuta kijiti cha oili utazame: ikiwa imegeuka nyeupe-nyeupe, imwagwe na filta yake ibadilishwe kabla ya kuwasha, kisha gari liendeshwe mwendo mfupi na oili imwagwe tena. Oili ya gia na ya difu zikaguliwe siku hiyohiyo, zina matundu yao ya kupumulia na maji huyajua.