Projekta ya siku moja

Jumanne iliyopita nilimwona mwenzangu akipanda ngazi, projekta mikononi na waya wa ekstensheni umening'inia shingoni, nikajua bila kuuliza kwamba leo naibu wa mwalimu mkuu anaingia darasani kwake. Projekta yetu ni moja. Hutolewa kabatini siku mtu anapokaguliwa, na jioni hurudishwa humo.

Mimi hufundisha Kiswahili Gredi ya 4 katika shule ya umma huku Eastlands, Nairobi. Nina watoto 68. Kila muhula najaza TPAD, fomu ya tathmini ya utendakazi wa walimu, ile ambayo TSC, tume inayotuajiri walimu, ilianza kuitumia mwaka 2016: najipa alama mwenyewe, naibu anakagua azimio la kazi, andalio la somo na rekodi ya kazi, anakaa darasani kutazama ninavyofundisha, kisha tunaelewana kuhusu alama na kuziingiza mtandaoni. Matumizi ya teknolojia ni mojawapo ya mambo yanayoangaliwa. Mwaka huohuo wa 2016 ndipo vishikwambi vya Darasa la Kwanza vilipoanza kufika shuleni, baada ya ile ahadi ya vipakatalishi ya kampeni za 2013. Kwa hiyo sisi tulipokea kifaa na fomu kwa wakati mmoja.

Sipingi kukaguliwa. Mtoto wa Kayole, huku kwetu, anastahili mwalimu anayefuatiliwa sawa na mtoto wa Lavington, mtaa wa wenye nazo. Linaloniuma ni jinsi tulivyojifunza, hapa shuleni kwetu, kuitumia teknolojia kwa ajili ya macho ya mkaguzi.

Mwaka jana, muhula wa pili, zamu yangu ilifika. Somo lilikuwa ngeli ya U-ZI. Nilikesha nikitayarisha picha: ukuta, kuta, ufunguo, funguo. Dakika ya kumi na mbili stima ikapotea. Ubao ulikuwa mtupu kwa sababu kila kitu nilikiweka kwenye tarakilishi, na chaki niliiacha majilisi. Watoto 68 wakanigeukia. Nyuma yao kalamu ya naibu ilikuwa inaandika. Nilimtuma kiranja chaki, nikamalizia somo kwa ubao, na naibu akanihurumia kwa kweli. Lakini muhula wote uliobaki sikuigusa tena projekta. Kosa lile lingenipata siku ya kawaida, ningeandika mifano ubaoni kama akiba na kujaribu tena kesho yake.

Nina mwenzangu aliyebakiza miaka miwili astaafu. Kuna watu humwita mzito wa kubadilika, na wanakosea sana. Siku moja tukinywa chai aliniambia, "Mwalimu, mimi siogopi mashine. Naogopa kuonekana sijui mbele ya mtu anayeniandikia alama." Tangu siku hiyo siwezi kusikia mtu akisema walimu wazee hawataki teknolojia nikanyamaza. Mama huyu hulipa karo, hutuma pesa nyumbani na husoma magazeti, yote kwa simu. Simu aliizoea kwa kubonyeza vibaya mara nyingi, bila mtu kuhesabu.

Mimi pia nilichokuja kukipenda nilikipata mahali pasipo na fomu. Nina mvulana anayesoma kwa sauti ya chini na kumeza ng' zote. Asubuhi moja wakati wa mapumziko nilimrekodi kwa simu akisoma aya ya ng'ombe wa babu, nikamsikilizisha. Akaruka nyuma. "Huyo si mimi, Mwalimu." Nikarudia. Akasikiliza tena, sikio limegusa simu, nyusi zimekunjwa. Mara ya tatu aliweka kidole chini ya neno, akasema polepole: ng'ombe. Akanitazama kuona kama nimesikia. Nilikuwa nimesikia.

Sasa wananipangia foleni mlangoni, kumi na mmoja mara ya mwisho nilipohesabu. Kurekodi hakuhitaji bando wala stima ya ukutani. Siku nyingine sauti za uwanjani huingia na rekodi haifai kitu. Tunafuta, tunaanza upya.

Wiki iliyopita nilimwendea naibu afisini. Nilimwomba kila muhula tupate angalau somo moja la kujaribu kifaa chochote, yeye akiwepo, lakini bila alama. Hakunijibu papo hapo. Aliuliza hao watoto wa foleni huja saa ngapi.

Alhamisi alikuja mikono mitupu, akaketi kwenye dawati la nyuma, magoti juu. Mvulana wangu akasoma, tukasikiliza. Kisha naibu akainuka, akapita katikati ya madawati mpaka mbele, akanyoosha mkono niiweke simu kiganjani mwake. Alisema anataka kumrekodi msichana wa dirishani. Akaigeuza simu huku na huku, watoto wote wakimtazama.

"Mwalimu," akaniuliza, "hapa nabonyeza wapi?"