Rangi Zilizozipa Seli Majina
Kila ninapotazama kwa hadubini damu iliyotandazwa kwenye slaidi na kutiwa rangi ya Giemsa, jicho langu hutafuta kwanza eosinofili, aina ya seli nyeupe ya damu yenye kiini cha ndewe mbili na chembechembe nyekundu zinazoelekea rangi ya chungwa. Paul Ehrlich wa Ujerumani aliieleza mwaka 1879, alipoona kwamba chembechembe hizo hunasa eosini, ambayo ni rangi ya asidi; kiishio "-fili", kwa Kigiriki, ni kupenda. Basofili, seli nyeupe ya aina nyingine, hupenda rangi za besi, ndiyo maana chembechembe zake hukolea zambarau hata zikakifunika kiini. Naamini mwanafunzi aelezwe maana hizi kabla ya kukariri majina. Katika tishu, rangi iitwayo hematoksilini hukipa kiini cha seli rangi ya buluu, nayo eosini huitia saitoplazimu, yaani ute unaokizunguka kiini, waridi.