Pora au tetea? Ninachotazama kabla ya kuamua

Vifaranga wakianguliwa tu, hata hawajakauka, swali huwa limeshafika: majike wangapi? Nalielewa. Tetea, jike ambaye hajaanza kutaga, ni mayai ya baadaye; pora, dume changa, ni kitoweo au pesa ya haraka. Ila kifaranga wa kienyeji wa siku moja hana alama ya nje ya kuaminika, na huniuma kuona tetea mzuri anauzwa kwa kubahatisha.

Njia za siku ya kwanza zipo, lakini zina masharti. Wajapani walioendeleza ukaguzi wa tundu la haja miaka ya 1920 walikuwa wakitafuta kinundu kidogo mno ndani yake, na hiyo ni kazi ya waliofunzwa. Ukimbinya kifaranga bila ujuzi unaweza kumpasua kiini kilichobaki tumboni. Kupima manyoya ya bawa hufaa pale tu wazazi walipopangwa: mama wa ukoo unaoota manyoya polepole, baba wa ukoo unaoota haraka. Hapo manyoya makuu ya bawa la jike huyapita yale yanayoyafunika, ya dume hulingana nayo au huwa mafupi. Kwa kuku waliochanganyika uani, bawa halikuambii kitu.

Rangi nayo hutegemea nani kampanda nani. Jogoo wa Rhode Island Red akimpanda jike wa Barred Plymouth Rock, mwenye manyoya ya milia, madume huanguliwa na doa jeupe kichwani, majike bila doa. Geuza wazazi, jogoo awe ndiye mwenye milia, na vifaranga wote watatoka na doa. Yai lililochongoka halina uhusiano wowote na dume: jinsia huamuliwa na mbegu ya mama kabla ganda halijaundwa.

Basi tunasubiri, na kusubiri kwenyewe kuna kazi. Wafunge nyuzi za rangi miguuni ili umjue kila mmoja, na uzilegeze kila wiki, maana mguu unanenepa na uzi hukata nyama. Linganisha wa umri mmoja na ukoo mmoja tu. Kuanzia wiki ya 3 au ya 4, majike wengi hutangulia kuota mkia na kufunika mgongo, madume hubaki na mabega wazi. Hiyo ni dalili, si hukumu; lishe duni na minyoo pia huchelewesha manyoya.

Wiki ya 5 hadi ya 8 ndipo watu wengi hukata shauri, kwa kutazama upanga, ile nyama ya utosini. Wa pora hupanuka na kuwa mwekundu mapema, na ndevu chini ya mdomo huanza kuonekana. Wa tetea hubaki mdogo, wa manjano au waridi hafifu. Lakini hapa ukoo hudanganya sana. Kuchi ana upanga mfupi uliolala, hata jogoo wake, kwa hiyo pora wa Kuchi anaweza kupita kama jike kwa miezi. Leghorn ni kinyume: jike wake ana upanga mkubwa, na hukolea wekundu akikaribia kutaga.

Ushahidi ninaouamini uko mgongoni, pale unapoungana na mkia. Kati ya wiki ya 10 na ya 14, mshike kuku mchana penye mwanga na upapase manyoya ya hapo. Ya pora yanayochipua ni membamba, yenye ncha kali na mng'ao, yakielekea kuning'inia pembeni. Ya tetea yana ncha ya mviringo. Tazama yale mapya, kwani ya utotoni ni mviringo kwa wote. Unyoya mmoja wenye ncha kali una uzito kuliko upanga na ukubwa wa miguu. Isipokuwa kwa koo chache, kama Sebright, ambazo jogoo wake huwa na manyoya ya jike.

Kuwika nako kusikuharakishe: pora wengine huanza kabla ya miezi mitatu, wengine hunyamaza muda mrefu wakiwa chini ya jogoo mkubwa. Ukibaki na shaka kwa mmoja wawili, waache wafike miezi mitano na kuendelea. Tetea aliyekaribia kutaga huchutama ukimgusa mgongo.